Geji inasoma mbili na saruji haipandi: kisa cha silo moja Unguja

Kanga yenyewe nimeiona kwa macho yangu. Ilikunjwa ikawekwa juu ya meza ya sheha, kiongozi wa mtaa, na kila ukiikunjua inalia kama karatasi ya mfuko wa saruji, katikati ina mabaka ya kijivu yashashika, unakwaruza kwa ukucha wapi. Bi mkubwa mwenye kanga kaanika nguo zake asubuhi, likaja boza la saruji kwenye kiwanda cha jirani likapuliza, na siku hiyo kulikuwa na yale manyunyu ya masika ambayo hata huyahesabu kama mvua, basi vumbi na manyunyu vikakutana juu ya kamba ya nguo. Saruji haijui kama hapa ni ukutani au ni kwenye kanga ya mtu, ikishapata maji inafanya kazi yake.

Sheha akampigia bosi wa kiwanda, bosi akanipigia mie. Kiwanda sikitaji, kipo huku njia ya Fumba, wanapiga matofali na pevimenti, si kikubwa lakini kina kazi. Mimi ni fundi wa mitambo, miaka mingi niko na kompresa na mambo ya upepo, nimefanya kwenye mashine za barafu, nimefanya gereji, silo la saruji, lile tangi refu la kuihifadhia, nilikuwa nimegusa mara mbili tatu tu kabla ya hapo. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilifika pale nikajua kila kitu dakika ya kwanza, maana sikujua na kuna sehemu nimeharibu mwenyewe nitaieleza.

Kwa wale mliozoea mifuko tu, mtambo wenyewe uko hivi. Saruji inavuka kutoka Bara ndani ya boza, tangi lililofungwa kote, tani 30. Boza linaingizwa upepo, chini yake ndani kuna vitambaa vizito ambavyo upepo unapenya ukitokea chini, ile saruji ikipata upepo kwa chini inalegea inakuwa kama maji, ukiitia mkono (usitie) unaingia wote. Halafu inasukumwa kwenye mpira, mpira umefungwa kwenye bomba la inchi 4, bomba linatambaa mita tisa hivi chini linapanda mita kumi na tatu ubavuni mwa silo linaingia juu. Kule juu saruji inadondoka ndani, upepo unatoka kupitia filta iliyokaa kwenye paa la silo. Hamna mkanda, hamna ndoo, hamna mtu wa kubeba. Tani 30 ni mifuko 600, zamani pale vijana wanane walikuwa wanaishusha siku nzima na wakitoka hapo nyusi zote nyeupe. Kwa upepo kazi hiyo inatakiwa iwe saa moja, saa moja na kitu.

Pale ilikuwa inachukua saa tatu, saa nyengine tatu na nusu. Hilo ndo lalamiko la kwanza. La pili vumbi, ambalo bosi aliliona dogo mpaka kanga ilipofika kwa sheha. La tatu bomba limeziba mara mbili ndani ya mwezi mmoja, wakalifungua wakakuta kona ya chini ina saruji ngumu kama jiwe la matumbawe, wakaitoa kwa tindo. Na kona ya juu kabisa, ile inayoingia kwenye silo, ilikuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa juu ya tundu. Hicho kiraka hakuna aliyekitaja, nimekiona mwenyewe nilipopanda, na ndicho kilichonipa nusu ya jawabu.

Bosi alikuwa na jawabu lake tayari. "Fundi, presha ndogo. Kompresa yetu inatoa ba saba lakini tukipeleka kwenye boza tunaishusha kwenye mbili. Nataka ninunue ile ya ba kumi." Ba ndicho kipimo cha presha kwenye geji. Sikumbishia. Nikamwambia tusubiri boza linalokuja nitazame kwanza, halafu tutazungumza habari ya kununua.

Boza likaja siku ya tatu, alasiri. Nimekaa juu ya tofali nikasikiliza. Mtu wa upepo anasikiliza kwanza, geji baadae. Bomba linalopitisha saruji vizuri lina sauti moja ya mfululizo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Hili lilikuwa linafanya fuuuu, kimya, fuuuu, kimya, halafu linatikisika lote, mpira unaruka kidogo, halafu kimya tena. Nikaweka kiganja kwenye bomba. Inakuja kwa mafungu, fungu la saruji, upepo mtupu, fungu jengine. Na kuna sauti moja niliitafuta sikuisikia kabisa, ile ya juu kwenye filta, paa… paa… paa… kila baada ya sekunde kadhaa. Filta ya silo inajisafisha kwa kupigwa upepo wa ghafla kutoka ndani, vumbi lililoganda nje ya kitambaa linaanguka tena ndani ya silo. Kama husikii paa, filta haijisafishi. Nikamuuliza kijana wa zamu, hii sauti haipo tokea lini? Akacheka, "hii filta ina sauti kumbe?"

Baada ya saa moja na robo ikasimama. Geji ya boza ikapanda, moja na nne, moja na sita, ba mbili, kimya. Bosi kasimama nyuma yangu, "umeona, sasa presha ipo, lakini haina nguvu." Utingo kama kawaida yake akachukua nyundo akaenda kwenye kapulingi, kile kiungo cha mpira na bomba, agonge masikio yafunguke atoe mpira achokoe. Geji iko mbili! Nilipiga ukelele mpaka watu wa pevimenti wakageuka. Yakhe, mpira wa inchi 4 wenye ba mbili nyuma yake ukichomoka haudondoki chini, unapiga kama mkia wa samaki taa, unavunja mguu, na saruji inakuja moja kwa moja usoni, na saruji kwenye jicho ni kama chokaa, inaunguza, unaoshwa kwa maji mengi muda mrefu kisha hospitali. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye ile valvu ya kutolea upepo juu ya boza tukaifungua pamoja, tukasubiri geji irudi sifuri ndo akagusa kapulingi. Akaniambia "fundi, mbona siku zote nafungua hivyo hivyo." Najua. Ndo inavyokuwa mpaka siku moja.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe na nataka nikae hapo kidogo maana naona mafundi wengi wazuri tunateleza hapa hapa. Presha sio upepo. Geji inakwambia hewa imebanwa kiasi gani, haikwambii hewa kiasi gani inapita. Kinachobeba saruji ni mwendo wa hewa ndani ya bomba, na mwendo unatokana na wingi wa hewa, sio kubanwa kwake.

Mfano ninaoupenda ni kupepeta. Mama anapepeta mchele kwenye ungo, upepo kidogo makapi yanakwenda mchele unabaki, upepo ukizidi na mchele unakwenda na kuku wanafurahi. Kila kitu kina upepo wake wa kukibeba. Saruji ukitaka iruke ndani ya bomba bila kulala chini unahitaji mwendo wa kama mita 10 au 11 kwa sekunde pale mwanzo wa bomba, pungufu ya hapo inaanza kulala, inajikusanya, inakuwa vilima, kilima kikiziba bomba zima ndo ile fuuuu, kimya. Ipo njia nyengine ya kuisukuma ikiwa nzito na polepole, mita tatu tu kwa sekunde inakwenda, lakini hiyo inataka mtambo uliotengenezwa kwa kazi hiyo, upepo mkavu na mwenye kuusimamia anajua anachofanya. Pale hapakuwa na hata kimoja.

Tukapiga hesabu kwenye karatasi ya mfuko, mimi na bosi. Kompresa yake ya gereji, nzuri tu, ba saba, lakini inatoa mita za ujazo 3 kwa dakika za hewa ya kawaida. Bomba la inchi 4 tundu lake ni kama mita za mraba 0.0079. Geji ikisoma ba 1, maana yake hewa imebanwa mara mbili (geji inaanza kuhesabu juu ya hewa yetu hii tunayovuta), kwa hiyo zile 3 zimekuwa moja na nusu ndani ya bomba. Gawa, unapata mita 3.2 kwa sekunde. Geji ikipanda ba 2 hewa imebanwa mara tatu, zile 3 zimekuwa moja tu, mwendo umeshuka mpaka mita 2.1. Bosi akaangalia ile karatasi muda. "Yani nikiongeza presha inakwenda polepole zaidi?" Ndio. Kwa upepo ule ule, ukibana zaidi unakwenda polepole zaidi. Geji ilipokuwa inapanda haikuwa inaonesha nguvu, ilikuwa inalalamika kwamba mbele kumeziba. Na ile ya ba kumi aliyotaka kununua ingetoa upepo ule ule mchache kwa umeme mwingi zaidi.

Boza zima lenye bloa yake linatoa mita za ujazo kama 10 kwa dakika au zaidi, kwa presha ndogo tu. Fanya hesabu ile ile kwa 10, ba 1, unapata mita 10 na nusu mwanzo wa bomba. Hapo saruji inaruka. Bloa yenyewe ni lile dude la rota mbili zinazozunguka zikipishana bila kugusana, asili yake ndugu wawili wa Marekani, Roots, walilipatia hataza mwaka 1860, na mpaka leo linafanya kazi hiyo hiyo maana halitaki kubana sana, linataka kusukuma hewa nyingi.

Mbona basi wanatumia kompresa ya gereji? Nikauliza. Kimya kidogo. Kumbe mwaka uliopita bloa ya boza moja iliharibika njiani, siku hiyo wakaunga mpira kwenye kompresa ya kiwanda ili boza lisirudi na mzigo, ikakubali, polepole lakini ikakubali. Mwenye gari akaona kumbe inawezekana, bloa hakuitengeneza, akapunguza bei ya usafiri kidogo, bosi akafurahi, ikawa ndio kawaida. Dharura ya siku moja ikageuka utaratibu, na wote wawili wakadhani wamepata nafuu. Diseli ya mwenye gari ikahamia kwenye bili ya umeme ya bosi tu.

Na ule upepo wa kompresa ulikuwa umelowa. Hili watu wa visiwani tunatakiwa tulijue kuliko wengine. Hewa yetu ya masika, nyuzi 30, ukiichukua mita moja ya ujazo ina maji kama gramu 25 ndani yake huyaoni. Ukiibana mpaka ba saba halafu ikapoa haiwezi tena kuyashika, gramu 20 hivi zinadondoka. Kompresa ikisukuma mita 3 kwa dakika kwa saa tatu ni mita 540, zidisha, lita kumi na kitu. Nusu ndoo ya maji kila boza moja! Nilikwenda kwenye tangi la kompresa nikafungua dreni ya chini nikaweka dumu la lita tano. Likajaa. Maji ya rangi ya chai ya rangi, na harufu ya oili. Nikaweka jengine, likafika nusu. Kijana wa zamu anasema dreni hiyo yeye hajawahi kuiona ikifunguliwa. Sasa sehemu ya maji hayo inabaki kwenye tangi na sehemu inasafiri na upepo, inakwenda kukutana na saruji ndani ya bomba, kidogo kidogo, utando juu ya utando, na pale upepo unapokwenda polepole na kuna kona ndipo inaposhika. Ndo lile jiwe walilolitoa kwa tindo. Bloa ya gari kwa upande wake inatoa hewa ya moto na haijabanwa sana, maji yake yanabaki mvuke mpaka yanafika juu, kwa kazi ya saa moja hayana shida.

Na kuna maji mengine yalikuwa yanaingia bure. Mdomo wa bomba, pale boza linapofungwa, ulikuwa wazi usiku na mchana. Mvua inaingia, umande unaingia, wadudu wanajenga. Kofia yake ilikuwa imeninginia na mnyororo pembeni, ina kutu, haijafungwa labda tokea siku ya kwanza.

Narudi kwenye kona. Bomba lile lilikuwa na kona nne, zote zile fupi za bomba la maji, nyuzi 90 kavu. Ya kwanza imewekwa nusu mita tu kutoka kwenye kapulingi. Yani saruji haijapata hata mwendo ishaambiwa igeuke, inapiga ukuta, inapoteza mwendo wote, inaanza upya. Aliyeunga bomba alitaka lipite nyuma ya nguzo lisigongwe na gari, nia nzuri. Kona ya juu nayo shida yake ni kinyume. Hewa ikipanda inazidi kufunguka maana presha inapungua kadri inavyokaribia silo, na hewa ikifunguka mwendo unaongezeka, ule wa mita 10 chini unafika juu ni 21. Na saruji kuchimba chuma hakuendi sawa na mwendo, mwendo ukizidi mara mbili kuchimba kunazidi kama mara sita. Ndo lile tundu lenye kiraka. Lakini kwa kompresa ya gereji isingefika kuchimba vile, mwendo hautoshi. Nikauliza kiraka ni cha lini, wakasema cha zamani, enzi za boza lenye bloa, dereva mmoja ambaye kila akimaliza saruji anabana gari mpaka ba mbili kisha anafungua yote kwa mkupuo kusafisha bomba. Boza tupu lenye ba mbili ni hewa nyingi mno, inakwenda yote kwenye bomba tupu kwa sekunde chache, inabeba mabaki ya saruji kama msasa. Bomba moja, chini linaziba kwa polepole, juu linatoboka kwa haraka.

Na mkupuo huo huo ndio unaorusha vumbi. Filta imepangiwa hewa ya kazi ya kawaida, ile ya mwisho inakuja mara kadhaa ya hapo. Nilipanda juu siku iliyofuata, asubuhi kabla jua halijawa kali. Nikafungua kifuniko cha filta. Zile katriji, ndio vichujio vyenyewe vya ndani, zilikuwa hazionekani kama kitambaa, zimeganda saruji nene kama kidole, ngumu kwa nje. Upepo wake wa kujisafishia ulikuwa unatoka kwenye kompresa ile ile yenye maji, umelowesha kitambaa kutoka ndani, vumbi la nje likashika. Halafu waya wa taima, ile inayoamrisha paa… paa, ulikuwa umekatwa. Hakuiba mtu, umekatwa makusudi ukafungwa na tepu vizuri, maana kila ikipiga ilikuwa inarusha maji kwenye boksi la umeme likaleta shoti, fundi wa umeme akaona dawa ni kuikata. Kila mtu pale ametatua tatizo lake.

Lililonitoa jasho lakini ni jengine. Pembeni ya filta kuna valvu ya usalama, sahani yenye springi, silo likipata presha ndani inainuka inatoa hewa. Silo sio boza. Boza limetengenezwa libebe ba mbili, silo ni bati lililokunjwa la kubeba saruji kwa uzito wake, valvu yake inafunguka kwenye kama sehemu ya ishirini ya ba moja, kidogo hivyo. Na ile valvu ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Mizunguko mitatu, imekazwa kwa koleo. Nikamuuliza kijana nani kafunga, akasema ilikuwa inatoa vumbi jirani wanalalamika, kwa hiyo wakaifunga kupunguza vumbi. Basi fikiria, filta imeziba, valvu imefungwa, dereva anamaliza kwa mkupuo wa ba mbili. Hewa haina pa kutoka. Ama boksi la filta linaruka, ama paa la silo linachanika, na bi mkubwa wa kanga yuko chini, umbali wa mita arobaini, anaanua nguo. Nilikata ule waya palepale nikautia mfukoni nikashuka nao nikauweka juu ya meza ya bosi kabla ya salamu.

Kazi tuliyofanya. Boza lisilo na bloa yake haliingii, bosi alinung'unika siku mbili kisha akakubali na mwenye gari akatengeneza bloa, ikawa ndio hivyo. Kona nne tukazifanya mbili, bomba tumelipitisha mbele ya nguzo badala ya nyuma na tukaweka vyuma viwili vya kulizuia na gari. Kutoka kwenye kapulingi sasa linakwenda mita nne na nusu moja kwa moja kabla ya kugeuka. Kona ya chini tumeweka pinda refu, bomba lenyewe limekunjwa taratibu kwa mduara mkubwa. Ya juu tumeweka T, upande mmoja umezibwa, na hii naipenda sana, saruji inajaa kwenye ule mfuko uliozibwa ikakaa hapo, basi saruji inayokuja inapiga saruji mwenzake badala ya kupiga chuma. Inakula presha kidogo zaidi lakini si kitu, kuliko kuchomelea kiraka kila baada ya miezi.

Kwenye filta ndipo nilipoharibu. Nilitaka kumwokolea bosi pesa nikazitoa katriji za zamani nikazigonga, nikazipuliza, zikaonekana safi, nikazirudisha. Boza la kwanza, dakika ishirini, vumbi hilooo. Kitambaa kikishaganda ndani ya nyuzi zake hakirudi, nilijua lakini nilitaka muujiza. Tukasimamisha, tukamwomba radhi sheha kwa simu kabla hajapiga yeye, tukaagiza mpya kutoka Dar, siku nne. Taima tumeirudisha, na upepo wa filta sasa unapita kwenye draya ndogo ya kuukausha na mtego wa maji unaojifungua wenyewe. Filta inaendelea kupiga paa dakika kumi baada ya boza kumaliza, kusafisha lililobaki.

Dereva naye tumekaa naye, kwa chai, sio kwa kumkemea maana ana miaka mingi barabarani kuliko mimi nilivyo kwenye upepo. Kwanza upepo mtupu kwenye bomba dakika mbili, usikie juu unatoka safi, ndipo ufungue saruji polepole. Geji ikae kwenye ba moja hivi. Ikianza kupanda yenyewe usishangilie, punguza saruji, upepo uache. Ikianza kushuka kwa kasi maana yake tangi linakwisha, hapo unaanza kufunga valvu ya saruji kidogo kidogo, presha iliyobaki unaitoa taratibu, hakuna mkupuo. Kisha kofia ya bomba inafungwa mkono wako mwenyewe. Na kabla ya yote mtu anapanda juu anaiinua ile sahani ya valvu kwa mkono kuona iko huru. Hilo la kupanda ndilo wanalolichukia, na nimewaambia wasipopanda na boza lisifunguliwe.

Boza la kwanza baada ya katriji mpya lilimaliza tani 30 kwa saa moja na dakika kumi. Nilikaa juu ya tofali lile lile. Mvua ya mbali juu ya bati, mfululizo, na juu paa… paa… paa. Bosi alikuwa anaangalia geji tu, inasoma sifuri nukta tisa, anaitazama kama haiamini. Nilipanda baadae nikapitisha kidole kwenye ukingo wa filta, kikatoka na vumbi kidogo la kawaida.

Ndani ya silo bado kuna ukoko wa zamani ukutani, mara mojamoja kipande kinadondoka kinaziba mdomo wa chini wanagonga kwa nyundo ya mpira. Hilo linataka silo litolewe saruji yote mtu aingie na kamba na mwenzake juu, na bosi hajakubali kusimamisha kazi siku mbili. Nimemwambia mpaka lisafishwe mtu asiingie hata kuchungulia akiwa peke yake.

Bi mkubwa alilipwa doti moja mpya, akachagua mwenyewe. Wiki iliyofuata sheha akapiga tena simu. Vumbi hakuna, alhamdulillah, lakini ile bloa ya gari kelele zake haziwachi mtoto kulala. Wamekubaliana mwisho saa kumi na moja jioni, likichelewa hapo boza linasubiri mpaka asubuhi.